Je, Wajua? Masikio Yanatangulia, Ulimi Unafuata

Je, wajua kwamba mtoto mchanga huitambua sauti ya mama yake hata kabla hajauzoea uso wake? Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto wa chini ya siku 3 chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anamsikia mama yake akisoma hadithi, akibadili mwendo anamsikia mama wa mtoto mwingine. Vichanga wale walijifunza upesi mwendo wa kumleta mama. Masomo yalianzia tumboni, maana miezi mitatu ya mwisho ya mimba masikio yanafanya kazi tayari.

Kilio nacho kina lafudhi. Mwaka 2009 Kathleen Wermke wa Ujerumani na wenzake walichapisha uchunguzi wa vilio vya watoto 60 waliozaliwa siku chache tu kabla, nusu katika familia za Kifaransa na nusu za Kijerumani. Vilio vya Wafaransa vilielekea kupanda mwishoni, vya Wajerumani vilielekea kushuka, kama zinavyofanya lugha zao. Kwa hiyo shangazi anayesema "huyu analia kama watu wa kwao" asichekwe haraka.

Kichanga anaweza kunyonya na kupumua karibu kwa wakati mmoja, jambo ambalo mtu mzima akijaribu atapaliwa. Kisanduku cha sauti cha kichanga bado kiko juu kooni. Kinashuka taratibu kuanzia miezi ya mwanzo, na kushuka huko ndiko kunakompa nafasi ya kutoa sauti za maneno.

Je, wajua kwamba mtoto wa miezi 6 anakushinda masikio? Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, wakiwa Kanada, walionyesha kwamba watoto wa nyumba za Kiingereza wenye miezi 6 hadi 8 walizitofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wanaoongea Kiingereza hawakuweza kuzitenga. Walipokaribia mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umefifia. Masikio yalikuwa yamechagua lugha ya nyumbani na kuacha nyingine zipite. Ndiyo maana mtu mzima anahangaika na "gh" ya "ghali" wakati mtoto aliyeisikia Lamu tangu kuzaliwa anaitelezesha bila kujua kuna kazi.

Tunapoongea hatuachi nafasi kati ya neno na neno. "Njoo ule uji upoe kwanza" kwa mgeni wa Kiswahili ni kamba moja ndefu. Mtoto anaikata vipi? Mwaka 1996 Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi zisizo na maana kwa dakika 2 tu. Watoto wakashika silabi zipi huandamana mara nyingi na zipi hukutana kwa bahati. Takwimu, na meno hayajajaa!

Kina baba, hili linawahusu. Mtoto akitamka "baba" kabla ya "mama", tangazo hutolewa ukoo mzima, na picha ya video inatumwa hadi kwa waliolala. Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza zamani kwamba sauti za midomo, "m", "b" na "p", pamoja na "a" ya mdomo wazi, ni kati ya zilizo rahisi kabisa kwa mtoto, na kwamba wakubwa ndio wanaozipa maana. Huko Georgia, kwenye milima ya Caucasus, "mama" ni baba mzazi. Furahini, ila mjue "ba-ba-ba" ya miezi 8 yaweza kuwa inaambiwa pazia.

Kubwabwaja si kwa mdomo pekee. Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walieleza mwaka 1991 kwamba watoto viziwi wanaolelewa na wazazi wanaotumia lugha ya alama hubwabwaja kwa mikono, wakirudiarudia ishara zisizo na maana bado.

Neno la kwanza huja karibu na mwaka mmoja, mwezi zaidi au mwezi pungufu usikutie presha. Kuelewa kumetangulia kitambo: Elika Bergelson na Daniel Swingley walionyesha mwaka 2012 kwamba watoto wa miezi 6 hadi 9 hugeuza macho kuelekea picha ya chakula au kiungo cha mwili kinachotajwa. Basi wale wanaomsema mtoto mbele yake wakidhani hasikii, wajichunge.

Je, wajua wataalamu huhesabuje maneno ya mtoto? Humuuliza mama, neno kwa neno, kwa orodha: hili analielewa? Hili analitamka? Orodha hiyo ilianzia Marekani, na huko mzazi hujaza mwenyewe kwa kalamu. Katie Alcock na wenzake walipoipeleka Kilifi, kwa Kiswahili na Kigiriama, walikuta kina mama wengi hawasomi, hivyo wakafanya mahojiano ya ana kwa ana, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2015. Kumbukumbu ya mama asiyesoma ikathibitika kuwa kipimo cha kuaminika. Hilo bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa.

Hapa sasa tutulie kidogo, maana ndipo Kiswahili kinaponoga.

Kamil Ud Deen alirekodi watoto wanne jijini Nairobi, wa umri wa kati ya mwaka mmoja na nusu hivi na miaka 3, na mwaka 2005 akatoa kitabu kizima juu yao. Alichoona ni hiki: kitenzi chetu kimebeba mizigo mbele, nani na lini, kabla hujafika kwenye tendo lenyewe, na mtoto huitua mizigo hiyo. "Kimeanguka" inakuwa "meanguka", au "anguka" tupu. Tendo lenyewe limebaki. Kinachodondoka ni kile ambacho msikilizaji anakiona kwa macho: kilichoanguka ni kikombe, na kimeanguka sasa hivi, uji uko sakafuni.

Majina nayo hukatwa mbele. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na masikio ya mtoto huganda hapo hapo. Samaki anakuwa "maki", viatu "atu". Kijiko kinakuwa "jiko", na hapo nyumba nzima inahangaika: anataka kulia uji au anataka kupelekwa kwenye moto? Katherine Demuth, aliyefuatilia watoto wa Lesotho wanaoongea Kisotho, ndugu wa mbali wa Kiswahili, aliona hatua hizo wazi. Kwanza kiambishi cha ngeli hakipo, kisha kinatokea kivuli chake, irabu au mguno tu, kisha kinakuja kizima. Kufikia miaka 3 hivi ngeli zimekaa sawa kwa sehemu kubwa. Mgeni anayesomea ngeli zetu chuo kikuu aonewe huruma.

Demuth huyohuyo alitoboa jingine. Wataalamu walikuwa wakiamini kwamba kauli ya kutendwa ni ngumu kwa mtoto, maana watoto wa Kiingereza huichelewa. Watoto wa Lesotho walikuwa wakiitumia kabla ya kutimiza miaka 3. Kwetu hilo halishangazi. Nani hajamwona mtoto wa miaka miwili na nusu akija mbio kutoka uani, mkono kichwani, chozi bado halijafika shavuni: "Nimepigwa!" Aliyepiga atatajwa baadaye, aliyeanza uchokozi hatatajwa kabisa.

Je, wajua kwamba kosa la mtoto laweza kuwa ushahidi wa akili? Mwaka 1958 Jean Berko aliwaonyesha watoto picha za viumbe vya kubuni vyenye majina ya kubuni, wakaviweka katika wingi bila kufundishwa. Walikuwa na kanuni kichwani, si kasuku. Kwetu angalia amri. Kutoka "kata", mtoto anasema "leta maji"; kutoka "kula", anasema "kuja hapa". Amefuata kanuni barabara. "Lete" na "njoo" ndizo zilizoivunja, na sisi tunamsahihisha yeye.

Kuna maneno, hata hivyo, ambayo hatungoji ayaokote. Berko huyo, sasa Jean Berko Gleason, aliandika mwaka 1976 pamoja na Sandra Weintraub kuhusu maneno ya desturi: wazazi wasiojishughulisha kufundisha sarufi husimama kidete kwenye "sema asante". Kwetu ni shikamoo. Mgeni akiingia tu, mtoto anasukumwa mgongoni: "Mwamkie babu!" Anatoa "kamoo" moja akiwa amejificha kwenye kanga ya mama, na wapo wanaojiitikia "marahaba" wenyewe ili kazi iishe. Neno limemezwa zima, maana itafuata miaka ikienda.

"Mimi" na "wewe" ni mtihani kwa mtoto yeyote, kwa kuwa hubadilika kila anayeongea akibadilika. Sasa ongeza desturi yetu ya kurithisha majina. Binti amepewa jina la mama mzazi wa baba yake, kwa hiyo baba anamwita "mama". Jirani anamwita "bibi". Kaka yake anamwita jina la shule. Anaingia jikoni na kumkuta mama mwingine, wa kweli, anayepika. Na bado anayapanga yote bila daftari.

Je, wajua kwamba si kila mahali mama ndiye mwalimu mkuu wa kusema? Robert LeVine na wenzake walioishi na Wagusii wa Kisii waliona kina mama wakiwanyonyesha, wakiwabeba na kuwatuliza watoto wao, lakini mazungumzo na kichanga hayakuwa mengi. Kushinda na mtoto ilikuwa kazi ya dada na kaka zake. Sara Harkness, akiwa kwa Wakipsigis wa Kokwet miaka ya 1970, aliona maneno mengi ya mama kwa mtoto wa miaka miwili ni ya kumtuma: chukua, weka, peleka. Vitabu vya malezi kutoka ng'ambo huweza kumtia mzazi hatia kwa hilo. Watoto wa Kisii na wa Kokwet waliongea. Nyumba yenye watoto watano haina uhaba wa maneno.

Uhaba uko kwenye skrini. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, mjini Seattle, waliwakutanisha watoto wa miezi 9 na Wachina waliocheza nao na kuwasomea kwa Kichina, vipindi 12. Watoto wakazishika sauti za Kichina. Kundi jingine likapewa watu haohao na maneno yaleyale kwenye televisheni. Halikushika kitu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Akishakuwa wa chekechea mambo hubadilika: katuni ya Akili and Me, iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilijaribiwa kwa watoto wa Morogoro na walioitazama wakaonekana kufaidika. Lakini simu anayopewa wa mwaka mmoja ili anyamaze, kazi yake ni hiyo hiyo: kumnyamazisha.

Mama Mhaya, baba Msukuma, mtaa wa Kiswahili? Lugha nyingi hazimchanganyi mtoto. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote kwa pamoja, ndipo utajua anaendeleaje.

Mtoto akichelewa, wengi hukimbilia udata, ule utando chini ya ulimi. Udata waweza kusumbua kunyonya au sauti fulani, ila haumfanyi mtoto akose maneno kabisa. Kukata kimeo mitaani hakusaidii kusema, na huleta damu na maambukizi. Cha kukagua kwanza ni masikio. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiliwa, na usaha wa sikio usiotibiwa ni mmoja wa wahusika. Asiyebwabwaja kufikia mwaka, asiyeunganisha maneno mawili kufikia miaka 2, na hasa aliyekuwa anasema kisha akaacha, apelekwe hospitali bila kungoja ushauri wa jirani.

Kigugumizi kinachozuka kati ya miaka 2 na 5 huisha chenyewe kwa watoto wengi. Kumkatiza na kummalizia sentensi hakusaidii.

"R" huchelewa. "Habali za asubuhi" ya miaka mitatu bado si kitembe.

Na maneno yakishakaa, yanakuja maswali. Michelle Chouinard, mwaka 2007, alipitia rekodi za watoto wanne zenye jumla ya saa karibu 230 za mazungumzo na wakubwa. Akahesabu maswali zaidi ya 24,000, yaani zaidi ya 100 kwa saa. Basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza likiondoka alfajiri, usiku hukukuta ungali barabarani, na huyo unayempakata hakatiwi tiketi.