Lami ya Masii na nta ya Turkana: mafuta mazito si mamoja

Pale Masii, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, nina shemeji mwenye duka. Mwezi uliopita nilimtembelea, tukakaa kibarazani, na mazungumzo yakaangukia lami iliyopasuka mbele yetu. Kijana mmoja, dereva wa lori, akasema mafuta ya Turkana yakiganda huwa ni lami hiyo hiyo. Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nilisomea kemia kwa kiwango cha diploma tu, lakini hilo sikuweza kuliacha lipite. Isitoshe, matangi na bahari viko kwetu Pwani, na tofauti hiyo inatuhusu kuliko inavyomhusu mtu wa Masii.

Mafuta ya Lokichar huganda kwa sababu yana nta nyingi. Yalipoanza kuteremshwa kwa malori hadi Changamwe, Juni 2018, ilibidi yabebwe katika matangi yanayohifadhi joto. Shehena ya kwanza ya mapipa kama 200,000 iliondoka Mombasa Agosti 2019. Nta ni kama samli: ikipoa inashikana, ukiipasha inayeyuka, na unaweza kurudia hivyo mara mia. Ndiyo maana bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limesanifiwa lipashwe joto njia nzima.

Lami ina mambo mengine. Weusi wake na ukaidi wake vinatokana na kitu kiitwacho asfaltini, sehemu nzito kabisa ya mafuta ghafi. Ukiitenga unapata unga mweusi. Huo ukiupasha moto hauyeyuki kama samli. Ukizidisha, unageuka makaa.

Chukua mswala wenye nyuzi pembeni. Molekuli ya asfaltini iko karibu hivyo: katikati ni bapa, pete za kaboni zilizoshikana, na pembeni zinaning'inia nyuzi. Bapa hupenda kulalia bapa, kwa hiyo miswala inapangana mmoja juu ya mwingine. Lakini haipangani bila mwisho. Ikifika sita hivi, nyuzi za pembeni zinawazuia wengine wasikaribie. Furushi hilo lina upana wa kama nanomita mbili, yaani milimita moja ukiigawa mara milioni, kisha uchukue vipande viwili. Mafurushi kama manane nayo yanaweza kukusanyika yakawa kichala, na hapo husimama. Picha hii ilianza na Teh Fu Yen miaka ya 1960, na Oliver Mullins akaikamilisha mwaka 2010. Wako wanaosema kwamba rezini, ndugu zake asfaltini walio wepesi kidogo, ndizo zinazoyafunika mafurushi yasigandane. Ubishi huo haujesha.

Kwa hiyo asfaltini hazikuyeyuka kama chumvi majini, wala hazikutuama kama mchanga. Zinaelea, na zinaweza kukaa hivyo chini ya ardhi mamilioni ya miaka. Ukitia mafuta mepesi mengi, au mgandamizo ukishuka kisimani, nyuzi zile hazitoshi tena kuwazuia wenzao. Vichala vinaungana na kuanguka, na bomba linaziba. Hata mafuta mawili ya meli, kila moja zuri peke yake, yakichanganywa yanaweza kutoa tope tanginí. Mafundi wa meli wana kipimo rahisi: wanadondosha tone la mchanganyiko kwenye karatasi. Likiacha duara jeusi katikati, hayo mafuta hayapatani.

Na ile lami ya Masii? Jua na hewa huifanya ishike oksijeni mwaka baada ya mwaka. Asfaltini zinaongezeka, sehemu laini zinapungua, lami inakuwa ngumu na kavu, kisha gurudumu la lori linaimalizia. Basi si kila ufa ni wizi wa mkandarasi, ingawa wizi nao upo.

Baharini ndiko ninakokuogopea. Mafuta mazito ya meli yakimwagika, mawimbi huyapiga pamoja na maji. Asfaltini hujipanga kulizunguka kila tone la maji na kulifunga kama ngozi, matone yasiungane tena. Hupatikana uji mzito wa rangi ya kahawia, ambao mara nyingi sehemu kubwa yake ni maji, na pipa moja lililomwagika linakuwa mapipa matatu au manne ya kuzoa. Dawa za kutawanya mafuta hazifui dafu mbele yake. Mauritius waliyaona mafuta mazito mwaka 2020 meli ya Wakashio ilipopanda mwamba, tani kama 1,000 zikaingia baharini, zikafika hadi kwenye mikoko. Mafuta yenye nta yangefanya vingine: yangeganda vipande vipande juu ya maji, na anayeyazoa angehitaji nyavu zaidi kuliko pampu. Anayepanga vifaa vya dharura Vanga au Tanga lazima ajue anangojea yapi.

Yale madonge meusi tunayoyakuta ufukweni mara kwa mara ni mafuta yaliyokwisha kuzeeka, wepesi wake umepeperuka. Yakikunasa mguuni usitumie petroli, inaunguza ngozi. Pakaa mafuta ya kupikia, sugua kwa kitambaa, kisha osha kwa sabuni.