Kompyuta ya Gari Inapoharibika: Madai au Jinai?

Hufika vituoni mwetu wananchi wenye uchungu: taa ya injini iliwaka, fundi akasema kompyuta ya gari imekufa, ikanunuliwa nyingine kwa mamilioni ya shilingi, na taa ingali inawaka. Hutuomba tumkamate fundi.

Kazi mbovu peke yake ni mgogoro wa madai, nasi si wakusanya madeni. Lakini fundi akichomoa kifaa kizima na kuweka kibovu, au akitoza kifaa ambacho hakukifunga, hiyo ni jinai. Toeni taarifa upesi.

Kwa mengine, Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 humtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ustadi. Tangulizeni barua ya madai. Asipolipa, madai yasiyozidi shilingi milioni 10 husikilizwa mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, bila wakili.

Msimbo wa mashine ya uchunguzi huonyesha penye hitilafu, si lazima kifaa kilichokufa. Huenda ni waya uliokatika tu. Daini makadirio ya maandishi, risiti na kifaa cha zamani. Mali bila daftari hupotea bila habari.