Safari ya Maziwa Matatu ya Welisi



Wanaokusanya makala za kitabu chetu wameniomba niandike habari ya safari tuliyoifanya mwezi wa Agosti 2024, watu kumi na wawili wa ukoo wetu, kwenda kuyatazama maziwa ya milimani huko Welisi. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, njia ile ni nzuri na wengi wenu mnaiweza, wazee kwa watoto, maadamu mmejitayarisha. Ya pili, nimerudi na somo ambalo mwalimu wa umri wa miaka 66 alitakiwa awe amekwisha kulijua zamani.

Sisi tuliokulia Unguja si watu wa milima. Masingini tulikuita mlimani, na wageni kutoka bara walipokuja wakatucheka. Juu ya hayo, mimi nilifundisha Jiografia kwa miaka 31, ya mwanzo katika skuli za Unguja na iliyobaki hapa Uingereza. Kila mwaka nilichora ubaoni namna mto wa barafu unavyoshuka polepole, ukichimba jabali na kuacha shimo lenye umbo la bakuli. Kisha barafu ikayeyuka na bakuli likajaa maji. Watoto wa Unguja waliandika katika madaftari yao bila ya kuuliza, ingawa barafu waliyoijua ilikuwa ile ya kuhifadhia samaki sokoni. Ama mwalimu wao naye alikuwa hajawahi kuliona bakuli hilo kwa macho yake. Nilistaafu bila ya kuliona.

Mlima tuliouendea kwa Kiingereza huitwa Snowdon, na kwa Kiwelisi Yr Wyddfa, maana yake kaburi la kilima. Hadithi za wenyewe zasema amezikwa hapo jitu moja, Rhita, aliyeuawa na Mfalme Arthur. Urefu wake ni mita 1,085, na hakuna unaoupita katika Welisi nzima. Tangu 2022 wasimamizi wa hifadhi ya taifa ya Eryri wanalitumia jina la Kiwelisi, na vibao vya njiani vimeandikwa kwa lugha zote mbili.

Njia tuliyoichagua inaitwa Njia ya Wachimba Madini. Inaanzia mahali paitwapo Pen-y-Pass, ambapo tayari pana urefu wa karibu mita 360 kutoka usawa wa bahari, na inapita kando ya maziwa matatu, moja juu ya jingine: Llyn Teyrn, Llyn Llydaw na Glaslyn. Mpaka la tatu ni mwendo wa karibu kilomita nne. Mjukuu wangu mdogo, wa miaka minane, aliposikia tunakwenda kutazama maziwa matatu, aliuliza iwapo yanauzwa kwa chupa. Tulicheka sana. Lakini kaka yake, ambaye ana miaka 15, hakucheka. Na hapo hapana budi nieleze jambo.

Nyumbani kwa mwanangu nilikuwa nimeweka mkebe juu ya meza ya kulia. Kila mjukuu aliyesema neno la Kiingereza mbele yangu alitia peni kumi. Nia yangu ilikuwa njema: niliogopa lugha yetu isije ikafa midomoni mwa watoto hawa. Wadogo waliufanya mchezo, lakini yule mkubwa alinyamaza. Kwa muda wa mwaka mzima maneno aliyonambia yalikuwa mawili, "Ndiyo, Babu" na "Sio, Babu", maana hayo hayatozwi. Nami nikijisifu kwa watu kuwa mkebe wangu unafanya kazi, maana hauongezeki fedha.

Tulianza kupanda saa tatu asubuhi. Mwanzo njia ni pana, imetengenezwa kwa mawe, na haina mwinuko wa kuogopesha. Dada yangu, ambaye amenipita kwa miaka minne, alitembea na fimbo yake bila ya taabu. Haikufika nusu saa tukaliona ziwa la kwanza, Llyn Teyrn, liko chini kidogo ya njia, na karibu yake magofu ya nyumba walimokuwa wakilala wachimba madini. Dada alilitazama, akasema, "Hili ndilo tulilotoka nalo Manchester alfajiri? Mbona kidimbwi cha mvua?" Tukamwomba asubiri.

Hakusubiri sana. Njia ikapinda, na mbele yetu likatandaza Llyn Llydaw, refu, jeusi, limetulia, na nyuma yake kuta za majabali zimelizunguka pande tatu. Nilisimama. Lile lilikuwa bakuli langu la ubaoni. Niliona mawe yaliyolainishwa na barafu, yenye mikwaruzo ya kwenda upande mmoja, kama nilivyokuwa nikichora kwa chaki. Barafu iliyoyafanya hayo imekwisha kuyeyuka zaidi ya miaka 10,000, lakini alama zake bado zinasomeka. Nilitaka kuwaeleza watoto yote hayo kwa pamoja, na sauti ikanikwama. Mwanangu alidhani nimechoka, akaniletea maji.

Ziwa hili halikai bure. Tangu 1906 maji yake hushuka kwa mabomba mpaka bondeni Cwm Dyli, ambako huzungusha mitambo ya umeme. Limekatwa na njia ya mawe iliyojengwa 1853, kwa ajili ya kuvushia shaba iliyochimbwa juu mlimani. Mvua zikizidi, maji huifunika njia hiyo. Siku ile ilikuwa kavu, na tulipovuka tukatandika nguo kando ya maji. Tukatia udhu humo. Maji ni ya baridi ya kukata vidole. Tukaelekea kusini mashariki, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, swala ya msafiri. Kisha zikafunguliwa sambusa, katlesi na mandazi, na chai ya maziwa iliyotiwa hiliki.

Karibu yetu alikaa mzee mmoja wa Kiwelisi na mjukuu wake wa kike, wakizungumza lugha yao. Tuliwakaribisha chai. Yule mtoto alikula mandazi matatu, na sisi tukafundishwa kutamka Llydaw. Herufi ile ya mwanzo ni ngumu. Hutolewa kwa kupuliza pembeni mwa ulimi. Nilikumbuka chuoni tulivyosumbuliwa na dhadi, ambayo nayo makhraji yake ni ubavuni mwa ulimi. Nikajaribu, mjukuu wangu akajaribu, sote tukakosea, na yule mzee akacheka na kusema tena. Mara ya nne au ya tano kijana akaipata. Mimi bado.

Mjukuu wangu akamwuliza yule mzee, kwa Kiingereza, vipi amemfanya mtoto akubali kusema Kiwelisi. Mzee akajibu kuwa hakumfanya kitu. Yeye husema naye tu, tangu alipozaliwa, wakiwa wanapika, wanalisha kuku au wanatembea. Kisha akatusimulia kuwa katika karne ya 19, katika baadhi ya skuli za Welisi, mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya kwao alivishwa shingoni kipande cha ubao. Akimsikia mwenziwe amesema, humpa yeye, na yule atakayekutwa nacho mwisho wa siku ndiye anayeadhibiwa.

Mjukuu wangu alinitazama mara moja, akainamisha macho. Hakusema neno. Nami nilijua anafikiri mkebe. Nikakumbuka vile vile skuli niliyosoma mimi sekondari, ambako tulitozwa faini kwa kusema Kiswahili darasani. Miaka yote niliilalamikia faini ile, na mwisho nikaja nikaiweka mezani kwa mwanangu, nimeigeuza uso tu.

Dada yangu na wake wawili wa wapwa zangu walibaki Llydaw na vikapu. Sisi tisa tuliendelea. Baada ya magofu ya kinu cha kupondea mawe ya shaba njia inakuwa nyembamba na inapanda kwa nguvu, ngazi kwa ngazi za mawe. Nilipumzika mara sita. Kiasi cha mita 600 juu ya bahari tukafika Glaslyn, maana yake ziwa la buluu, na kwa hakika limestahiki jina: maji yana rangi ya samawati inayoelekea kijani, na shaba iliyomo katika mawe yake inahusika na rangi hiyo. Wenyeji husimulia kuwa mnyama wa kutisha, afanc, aliyekuwa akifurisha mto Conwy, alifungwa minyororo akakokotwa na ng'ombe mpaka ndani ya ziwa hili, na humo yumo. Mjukuu mdogo hakukubali tena kusogea ukingoni.

Kutoka Glaslyn mpaka kileleni zimebaki karibu mita 485 za kupanda, nazo ndizo ngumu kuliko zote. Sasa, mimi nilikuwa nimejigamba kwenye harusi moja, mbele ya mashemeji, kwamba mwaka huu nitasimama juu ya Yr Wyddfa. Tulipokuwa tunatazama, ukungu ulishuka kutoka juu, ukafunika kilele, ukafunika mapito, ukafika kwenye majabali ya upande wa pili wa maji. Nikakaza mkanda wa mkoba nikasema twendeni.

Kijana akanijia karibu, akasema, "Babu, turudi. Njia haionekani."

Nikamjibu kwa ukali kuwa mimi ndiye mkubwa wa msafara.

Akasema, "Ndiyo, Babu. Ndiyo maana nakwambia wewe."

Nilighadhibika, siwafichi. Nikageuka kumtafuta baba yake amkanye, na hapo nikamwona yule mdogo amejikunyata nyuma ya mama yake, viatu vimelowa, midomo inamtetemeka. Ilikuwa Agosti, na kule chini Manchester watu wamevaa mikono mifupi. Basi nikafungua mkanda, nikasema turudi.

Mvua ilitupata kabla ya kufika Llydaw. Mawe yalilowa yakawa kama yamepakwa sabuni, na magoti yangu, ambayo kwa kupanda hayakulalamika, kwa kushuka yalikataa. Kijana alitangulia mbele yangu hatua moja, akinyoosha mkono. "Hapa, Babu. Weka mguu hapa. Hapo usikanyage, mawe hii inateleza." Kila hatua alisema. Alisema mawe hii, akasema maji mingi, akasema kiatu yako. Na mimi niliyefundisha miaka 31, niliyesahihisha mpaka kadi za mialiko ya harusi, nilifumba mdomo wangu nikaweka mguu pale aliponambia. Muda wa karibu saa nzima mjukuu wangu alizungumza nami. Mwishowe, tulipoliona tena Llyn Teyrn, alianza kunieleza habari za skuli, za rafiki aliyehama, na kwamba hataki kusoma uhandisi kama anavyotaka baba yake. Hayo sikuyajua hata moja.

Dada yangu alipotuona tumelowa chapachapa hakuuliza kilele. Aliuliza nani anataka chai.

Kwa watakaokwenda, shikeni haya. Maegesho ya Pen-y-Pass katika msimu hukatiwa nafasi mapema. Ukikosa, acha gari bondeni upande basi linaloitwa Sherpa'r Wyddfa. Soma utabiri wa hali ya hewa ya mlimani, si wa mjini kwako. Vaa viatu vilivyoshika kifundo na vyenye soli ya meno. Nguo za pamba zikilowa hukuganda mwilini, basi chukua za sufi na koti la mvua, hata kama kuna jua. Chukua ramani, tochi na chakula cha ziada. Wazee na wenye watoto wadogo waishie Llydaw. Hawatakuwa wamekosa kitu. Na kabla ya kuondoka mkubaliane saa ya kurudi, na nani mwenye haki ya kusema turudi. Sisi hatukukubaliana, na ilikuwa nusura niwaponze watu wanane kwa ajili ya maneno ya harusini.

Mkebe umeondoka mezani. Zilikuwamo pauni 23 na peni 40. Nilimpa kijana, akanunua ramani ya Eryri, na zilizobaki akawanunulia wenziwe chipsi. Ramani hiyo imebandikwa ukutani chumbani kwake, na kila Ijumaa jioni, baada ya chakula, hunionesha ziwa jingine alilolichagua. Lililo mbele yetu sasa ni Llyn Idwal, ambalo njia yake ni fupi, ili dada yangu afike nasi mpaka mwisho. Anayetaka kufuatana nasi aniarifu. Kiongozi wa msafara, mkijaaliwa kuja, atakuwa ni yeye kijana. Mimi nitabeba chai.

Wabillahi tawfiq.