Baridi, Joto na Uhai wa Mwili

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa maongezi ya njiani tu, yaani baridi na joto.

Mwili wa mtu una kipimo chake, yapata digrii 37, na hapo ndipo unapofanya kazi vema. Kukiwa na baridi, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hujibana ili joto lisipotee. Ndipo shinikizo la damu hupanda, damu nayo huwa nzito, na moyo uliokwisha kudhoofika huelemewa. Kukiwa na joto mishipa hupanuka, jasho hutoka, maji na chumvi hupungua, na moyo hulazimika kupiga mbio. Kijana mwenye afya huyapita hayo bila kujua. Mzee na mtoto mchanga hawawezi, hasa hali ya hewa ikigeuka ghafula kabla mwili haujazoea.

Tena tusidhani ni baridi ya theluji tu inayoua. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza uchunguzi wa vifo zaidi ya milioni 74 katika nchi 13. Kati ya kila vifo 100, karibu 8 vilihusiana na baridi au joto, na 7 kati ya hivyo vilikuwa vya baridi. Tena zaidi baridi ya kadiri, ile ambayo mtu huvaa sweta akaenda zake. Hapa kwetu, waliochunguza takwimu za Korogocho na Viwandani, Nairobi, za miaka 2003 hadi 2008, waliona vifo vikiongezeka siku za baridi, vya watoto wadogo pia. Nyumba ya mabati haizuii baridi ya Julai. Ndipo watu huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga dirisha, wakalala. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa hayo haina rangi wala harufu. Jiko na liachwe nje!

Joto nalo lina habari yake. Agosti 2003, huko Ufaransa, walikufa watu 15,000 hivi zaidi ya kawaida, wengi wao wazee. Mchana ulikuwa mkali, lakini usiku nao haukupoa, na mwili haukupata kupumzika. Tena ulikuwa mwezi wa likizo. Jamaa na majirani walikuwa wamesafiri. Mjini Paris maiti 57 hazikupata mwenyewe, zikazikwa Septemba huko Thiais, Rais Jacques Chirac akiwapo. Sisi hupenda kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Haya, hebu tuwahesabu wazee wa mtaani kwetu wanaolala peke yao, watoto wao wote wakiwa Nairobi au Mombasa.

Baada ya msiba huo Wafaransa walianza kuandikisha majina ya wazee wakaao peke yao, ili joto likipanda watafutwe. Joto kali liliporudi Julai 2006, waliokufa walikuwa pungufu kwa maelfu kuliko ilivyotazamiwa. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji daktari: ni kubisha hodi, kumhamishia mtu penye kivuli, kumpangusa kwa kitambaa kibichi, na kumpa maji hata kama hajaomba, maana mzee huchelewa kusikia kiu.