Kikombe cha Maji Kutoka Mirihi

Tarehe 7 Aprili 1962, wanafunzi wawili wa chuo cha Westminster, katika mji mdogo wa Fulton jimboni Missouri, Marekani, walinyweshana maji. Si kwamba walikuwa na kiu. Walikuwa wamekolewa na riwaya iliyotoka mwaka uliotangulia, Stranger in a Strange Land ya Robert Heinlein, kisa cha binadamu aliyelelewa na wenyeji wa sayari ya Mirihi. Huko maji ni adimu, kwa hiyo anayekugawia maji yake amekugawia uhai, na tangu hapo ninyi ni ndugu. Tim Zell na Lance Christie waliamua kufunga udugu wa namna hiyo hapahapa duniani.

Kikombe kile kikazaa kanisa. Church of All Worlds, jina lililotoka ndani ya riwaya, lilisajiliwa mwaka 1968, na mwaka 1970 likapewa na serikali kuu ya Marekani msamaha wa kodi kama yanavyopewa makanisa mengine. Vikundi vyake huitwa viota, neno jingine la Heinlein. Ibada ya maji nayo ikabaki: watu hukusanyika, kikombe hupita mkono kwa mkono, na anayemnywesha mwenzake humtakia asipate kiu kamwe.

Hata hivyo, waumini hawakukwama kitabuni. Zell alianza kufundisha kwamba Dunia nzima ni kiumbe kimoja kilicho hai, na jarida lao, Green Egg, likageuka baraza la Wamarekani waliotaka kufufua ibada za kale za kuenzi maumbile. Heinlein mwenyewe hakuwa mwasisi wala mchungaji wao.

Je, mtu mwenye akili timamu anawezaje kujenga imani juu ya jambo analojua fika kuwa limetungwa? Swali hili limewashughulisha wasomi pia. Mwaka 2010 Carole Cusack wa Chuo Kikuu cha Sydney alichapisha kitabu kizima kuhusu dini za kubuniwa, zile ambazo hazifichi kwamba zimetungwa. Wafuasi wa njia hizi wengi hawadai kuwa mhusika fulani aliwahi kuishi. Wanachochukua ni desturi zake, maadili yake na lugha yake, kisha wanavijaribu katika maisha yao.

Wengine hawakufika huko. Mwaka 2001 sensa ya England na Wales iliuliza kuhusu dini, jibu likiwa la hiari. Ujumbe ukasambazwa kwa barua pepe ukiwahimiza watu wajiandike kuwa Jedi, wale mashujaa wenye panga za mwanga katika filamu za Star Wars. Watu 390,127 wakafanya hivyo, wengi kwa utani. Sensa ya 2011 ikawakuta 176,632. Ilipofika 2021 walikuwa wamebaki takriban 1,600.

Utani ulipopoa, waliobaki ni pamoja na watu wasiotania. Temple of the Jedi Order, jumuiya iliyoanzishwa Marekani mwaka 2005, humtaka mgeni asome kwanza, na miongoni mwa masomo yake ni maandiko ya Joseph Campbell, mtaalamu wa visasili ambaye George Lucas alimsoma alipokuwa akiitunga Star Wars. Desemba 2016 tume inayosimamia mashirika ya hisani ya England na Wales ilikataa ombi lao la kusajiliwa kama shirika la hisani, ikisema kwamba kisheria hiyo haikuwa dini. Marekani, jumuiya hiyohiyo ilikuwa imeshapata msamaha wa kodi.

Njia ya tatu haina kanisa wala usajili wa dini. Vanessa Zoltan, Myahudi asiyeamini Mungu, akiwa kitivo cha dini cha Chuo Kikuu cha Harvard alitaka kujifunza kusali bila kutumia Biblia. Akaanza na riwaya ya Jane Eyre, akiongozwa na mwalimu wake Stephanie Paulsell. Mwaka 2016 yeye na Casper ter Kuile wakaanzisha kipindi cha kusikiliza mtandaoni kilichosoma vitabu vya Harry Potter kama maandiko matakatifu, sura moja baada ya nyingine.

Mbinu yao moja waliiazima kwa watawa wa Kikristo wa zama za kati. Sentensi moja huchaguliwa, hata iwe ya kawaida kama mtu kupanda ngazi au kufunga mlango, kisha huulizwa maswali manne. Nini kinatokea hapa? Kinafananishwa na nini? Kinanikumbusha nini maishani mwangu? Kinanitaka nifanye nini? Aliyewahi kuketi kwenye darsa msikitini, au kwenye jumuiya ndogondogo za Kikatoliki mtaani, hatashangaa. Mwendo ni uleule wa polepole, na wenzako wakikusikiliza.

Kwa Zoltan, utakatifu haumo katika kitabu chenyewe bali katika namna ya kukisoma. Msomaji aamini kwamba akirudi kwenye maneno yaleyale atapata kitu, asome kwa nidhamu, na asisome peke yake. Ndiyo maana kipindi kilipomaliza kitabu cha saba, wasomaji hawakwenda kutafuta riwaya nyingine. Walirudi kitabu cha kwanza, sura ya kwanza, na kuanza upya.