Kwani Nani Alisema Spageti na Kechapu ni Ushamba? Cheki Vile Asia Imefanyia Madishi ya Italia

Wacha nianze na aibu yangu ndio tuelewane.

Mwaka juzi nilikuwa nimetoka tu college. Sio kumaliza, kuacha. Doh iliisha, nikarudi mtaa. Hapo katikati nikapata msupa mmoja wa campo, tukapanga deti kwa hoteli fulani ya Kiitaliano hapa Nairobi. Nilikuwa nimeweka chapaa ya wiki mbili. Spageti ikaletwa, nikaonja, nikaona imekauka kidogo. Nikauliza weita kwa roho safi: "Boss, naweza pata tomato?"

Weita alicheka. Msee wa meza ya pili akacheka. Msupa hakucheka, aliangalia simu, na hiyo maze ndio iliuma zaidi. Nilienda home nikijiona mshamba nambari moja Kenya nzima. Na sikuishia hapo. Nikaanza kukataa spageti ya mathe, ile anaweka kechapu na soseji kila Jumapili tangu tukiwa wadogo. Nilimwambia ati "hiyo si spageti ya ukweli". Mathe hakujibu, alifunika sufuria tu.

Sasa nina cuzo wangu anaishi Yokohama, Japan. Huyo jamaa anapenda dishi kuliko anapenda watu, na ugonjwa wake mkubwa ni dishi ya Kiitaliano. Siku moja akanitumia picha: spageti nyekundu, imekaangwa na kitunguu, hoho na soseji, inang'aa kechapu kabisa. Nikamwambia, "Si hii ni ya mathe?" Akanijibu, "Hii huku ni dishi ya heshima buda. Ina historia." Nikaanza kuchimba. Acha nikuchanue.

Kechapu ilizaliwa na njaa, si na ushamba

Hiyo dishi inaitwa Naporitan, yaani "ya Naples". Lakini ukienda Naples kuiuliza, watakuangalia vibaya, juu hawana hiyo kitu. Ni ya Japan mia kwa mia, na watu wengi huko hukuambia ilianzia Yokohama, kwa Hotel New Grand.

Hoteli hiyo ilifunguliwa 1927. Vita ya Pili ya Dunia ilipoisha, Wamarekani wakaingia Japan, na usiku wa tarehe 30 Agosti 1945 Jenerali MacArthur mwenyewe alilala hapo. Wanajeshi wake walikuwa na mazoea ya kudishi spageti wamechanganya na kechapu tu, basi. Shefu mkuu wa hoteli, Shigetada Irie, akaona hapana, hii tunaweza fanya poa. Yeye akatumia nyanya, kitunguu saumu, kitunguu na mafuta ya zeituni.

Lakini nje ya hoteli mambo yalikuwa noma. Japan ilikuwa imebomolewa, watu walikuwa na ubao wa ukweli. Mikahawa midogo haikuweza kununua nyanya na zeituni kila siku. Kechapu ndio ilipatikana. Center Grill, mkahawa wa Yokohama ulioanza 1946, ni kati ya zile zilizofanya spageti ya kechapu iwe dishi ya raia wa kawaida. Leo Mjapani akiona hiyo sahani anakumbuka utotoni, vile wewe unakumbuka chapati za Krismasi ushago.

Na si Japan pekee. Ufilipino wanapika spageti tamu, soseji nyekundu zimekatwa vipande, jibini imemwagwa juu. Bila hiyo, birthday ya mtoto haijakamilika. Kechapu yao nyingi imetengenezwa na ndizi! Aliyeivumbua anajulikana: Maria Orosa, mwanasayansi wa chakula, ambaye alitumia maisha yake kutafuta njia za Wafilipino kula vitu vya kwao badala ya kungojea meli. Nyanya zilipokuwa adimu wakati wa vita, ndizi zilikuwa tele. Orosa aliuawa 1945 katika vita vya kukomboa Manila. Kwa hivyo ukimcheka Mfilipino juu ya spageti yake ya sukari, jua unacheka kitu gani.

Ulimi wa Asia ulikuwa tayari

Swali ni, kwa nini dishi ya Italia iliingia Asia haraka hivi? Kuna sababu mbili, na zote ziko mdomoni.

Ya kwanza ni ladha. Mwaka wa 1908, mwanakemia Kikunae Ikeda alikuwa anachunguza supu ya kombu, ule mwani wa baharini ambao Wajapani huchemsha kutengeneza mchuzi. Akapata kitu kinaitwa glutameti, na ladha yake akaiita umami. Si tamu, si chumvi, si chachu, si chungu. Ni ule utamu wa ndani wa mchuzi wa nyama uliochemka polepole. Wajapani wengine huupata kwa kuchemsha visamaki vidogo vilivyokaushwa, fikiria omena zetu.

Sasa cheki hii: nyanya zilizoiva zimejaa glutameti. Jibini ya Parmesan iliyokaa miezi mingi imejaa zaidi. Kwa hivyo Mjapani alipoonja nyanya na Parmesan kwa sahani moja, ulimi wake haukuona mgeni. Uliona ni jirani amevaa nguo tofauti.

Sababu ya pili ni meno. Waitaliano hutaka pasta iwe *al dente*, iwe na kaugumu kadogo katikati, isiwe uji. Wajapani nao kwa tambi zao za udon wana neno lao, *koshi*, ile nguvu ya tambi kukurudishia ukiiuma. Mataifa mawili yako mbali kabisa, lakini zote zinachukia tambi iliyolainika. (Naporitan ndio inavunja sheria: mikahawa ya kizamani huchemsha spageti mapema, inaiacha ilale, halafu inaikaanga ikiwa laini. Na watu wanaipenda hivyo hivyo.)

Lakini si pasta ilitoka China?

Hapa ndio kila msee kwa kibanda hujifanya profesa. "Marco Polo alitoa pasta China akapeleka Italia." Hiyo ni story ya jaba.

Marco Polo alirudi Venice 1295. Lakini mwaka wa 1154, zaidi ya miaka mia moja kabla, mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi alikuwa ameshaandika kuhusu Trabia huko Sicily, mahali ambapo watu walitengeneza tambi kavu na kuzisafirisha kwa meli. Ile hadithi ya Marco Polo ilienezwa 1929 na jarida la watengenezaji wa makaroni Marekani. Kumbe ilikuwa mambo ya biashara.

China nayo ina tambi za zamani ajabu. Pale Lajia, wachimbaji walipata bakuli la tambi za mtama lenye miaka kama 4,000. Kwa hivyo hakuna aliyeibia mwenzake. Mtu akiwa na unga na maji, akili inamtuma.

Shefu mmoja, samaki mmoja, na bei ya mtu wa mtaa

Ukitaka kuona vile Asia imechukua dishi ya Italia ikaifanya yake, cheki hizi.

Tokyo kuna mkahawa, Kabe no Ana, ulianza 1953. Inasemekana mteja mmoja alikuja na mayai ya samaki ya bei kali, akataka yachanganywe na spageti. Ikabamba. Lakini nani ana doh ya hiyo kila siku? Mkahawa ukatafuta mayai ya samaki ya kawaida, yale Wajapani hula na wali, ukachanganya na siagi. Leo hiyo spageti, na dadake yenye pilipili inayoitwa mentaiko, iko kila mahali Japan, hadi sosi ya pakiti kwa supa. Juu yake unawekewa vipande vyembamba vya mwani. Cuzo anasema ukila mara ya kwanza unashtuka, ya pili unaagiza mwenyewe.

Halafu kuna Saizeriya. Mwanzilishi, Yasuhiko Shogaki, alikuwa bado mwanafunzi wa fizikia alipochukua kimkahawa kidogo Ichikawa, karibu na Tokyo, miaka ya 60. Wateja hawakuja. Akaamua kupika Kiitaliano na kukata bei kwa asilimia 70 hivi. Foleni ikaanza. Leo wana mikahawa zaidi ya 1,000 Japan, na wameingia China pia. Dishi yao maarufu, wali uliookwa na sosi ya nyama na jibini, imekuwa ikiuzwa yen 300, pesa isiyofika mia tatu za Kenya. Wanafunzi wanakaa hapo jioni nzima wakisoma. Hakuna weita wa kukucheka.

Upande ule mwingine wa pesa kuna Hong Kong. Mkahawa wa Mwitaliano Umberto Bombana, 8½ Otto e Mezzo, ulipata nyota tatu za Michelin katika mwongozo wa 2012, na ukawa mkahawa wa kwanza wa Kiitaliano nje ya Italia kufika hapo. Si New York, si London. Ni Hong Kong. Na mtaa huo huo, asubuhi, mfanyakazi anaingia kwa mkahawa wa kawaida anapewa bakuli la makaroni ndani ya supu, vipande vya hamu juu. Hiyo ndio breakfast. Nyota tatu na makaroni ya supu zinaishi mji mmoja bila kugombana.

Na wale wanaofuata sheria?

Usifikirie Asia ni kuchanganya tu. Kuna watu huko wanafuata sheria kuliko Waitaliano wenyewe. Pale Nakameguro, Tokyo, kuna Seirinkan, ambapo pizza ni aina mbili pekee: Margherita na Marinara. Ukitaka ya kuku na nanasi, hepa.

Naples kwenyewe kuna chama tangu 1984 kinacholinda pizza yao. Tanuri ni la kuni, moto unafika kama nyuzi 485, na pizza inaiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu. Ndio maana ya kwako kwa oveni ya keja haiwezi toka sawa, usijilaumu.

Sheria hizo nazo zina maana. Carbonara ya Roma, kwa mfano, ni mayai, jibini ya kondoo, shavu la nguruwe na pilipili manga. Krimu haiko. Ukielewa kwamba ni yai na maji ya pasta ndio hutengeneza ule mchuzi laini, unaona kwa nini krimu haihitajiki. Kujua sheria ni poa. Kutumia sheria kumwaibisha mtu mwenye njaa ndio ufala.

Na hapa kwetu? Nenda Eastleigh uagize baasto. Ni pasta iliyofika kwa Wasomali kupitia Waitaliano waliowatawala. Utaletewa na nyama yenye viungo, na ndizi kando. Hakuna Msomali anaomba ruhusa Roma.

Jaribu kwa keja yako

Hii ni ya watu wawili, na vitu vyote viko kwa duka la mtaa:

Chemsha gramu 200 za spageti kwa maji mengi yenye chumvi. Kabla hujamwaga maji, toa kikombe kimoja uweke kando. Kwa sufuria pana, kaanga kitunguu, hoho moja na smokie mbili zilizokatwa. Sukuma vitu kando, mwaga vijiko sita vya kechapu hapo kati na uiache ichemke kwa moto dakika moja au mbili. Hapa ndio siri iko: ile chachu inatoka, rangi inakolea, utamu unabaki. Kisha tia spageti, kipande cha siagi na maji kidogo ya ile kikombe. Koroga hadi kila uzi uwe mwekundu. Ukiwa na jibini, kwaruza juu. Ukikosa, maisha iendelee.

Mimi niliipika Jumapili iliyopita kwa mathe. Nilimwambia hii ni dishi ya Japan, shefu wa hoteli kubwa ndiye aliianzisha, hata jenerali wa Marekani alilala hapo. Akaonja. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Na yangu ilikuwa na shida gani?"

Sikuwa na jibu. Niliongeza sahani ya pili.