Je, Wajua? Kiwanda Kinachokataa Kutupa

Je, wajua kwamba kila kinachotoka kwenye bomba la majitaka la kiwanda kilinunuliwa? Rangi, chumvi, maji yenyewe: vyote vililipiwa ankara kabla ya kumwagwa mtoni.

Je, wajua kwamba Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alitaja aina 7 za upotevu? Kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha bila sababu, kusindika kupita kiasi, kurundika mali ghalani, kuzungukazunguka kwa wafanyakazi, na bidhaa mbovu. Aliouchukia zaidi ni ule wa kwanza, kwani ndio unaozaa mwingine. Lakini umeme, maji na moshi havimo katika orodha hiyo, na kiwanda kinachoifuata kwa uaminifu wote bado kinaweza kuchafua mto.

Je, wajua kwamba mzizi wa fikra hizo uko kwenye nguo? Mtambo wa kufuma wa mvumbuzi Sakichi Toyoda, ambaye mwanawe aliasisi Toyota, uliokamilika mwaka 1924, ulisimama wenyewe uzi ulipokatika. Kitambaa kibovu hakikuendelea kufumwa, na pamba haikupotea.

Je, wajua kwamba kiwanda cha Subaru kilichoko Lafayette, Indiana, kiliacha kupeleka taka dampo mwaka 2004, kikiwa cha kwanza miongoni mwa viwanda vya kuunganisha magari Marekani? Wafanyakazi walimwaga mapipa ya taka sakafuni, wakachambua kilichomo na kuuliza kila kimoja kimetoka wapi. Povu gumu linalokinga vipuri vya injini safarini lilirudishwa Japani likatumike tena. Hapakuhitajika mtambo wa ajabu, bali watu walioruhusiwa kuuliza.

Je, wajua kwamba kupunguza upotevu kwa mtindo wa Toyota na kulinda mazingira hugombana pia? Vipuri vikiletwa kidogokidogo ili ghala libaki tupu, malori huongezeka barabarani na dizeli huungua zaidi. Dawa yake ni lori moja kupitia kwa wauzaji kadhaa. Ugomvi mwingine uko kwenye chumba cha rangi: kila rangi inapobadilishwa, bomba la kupulizia huoshwa kwa thina, kwa hiyo kupaka mafungu madogo madogo huongeza sumu. Hapo ni bora kupanga oda za rangi moja zifuatane. Meneja anayesimulia faida bila kutaja migongano hii hajawasaidia wenzake.

Je, wajua kwamba mwaka 2003 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa ripoti kuhusu jambo hilihili? Viwanda vilivyopunguza upotevu mara nyingi viliyanufaisha mazingira bila hata kukusudia, ila vilikosa nafasi nyingi kwa kuwa hakuna aliyekuwa akitazama upande huo.

Je, wajua kwamba uvujaji wa hewa unaweza kula asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote inayobanwa na kompresa? Umeme huo hulipiwa usiku na mchana, hata mashine zikiwa zimezimwa, mradi kompresa inaendelea kunguruma.

Je, wajua kwamba jani la mkonge linapopita kwenye korona, mashine inayotenganisha nyuzi na nyama ya jani, singa zinazopatikana ni chini ya asilimia 5 ya uzito wake? Kwa miaka mingi yaliyobaki yalitupwa tu. Hale, mkoani Tanga, mabaki hayo yalianza kuozeshwa yatoe gesi ya kuzalisha umeme. Huko Moshi, kiwanda cha sukari cha TPC huchoma makapi ya miwa kupata umeme wake na kuuza ziada kwa shirika la umeme, TANESCO. Hii ndiyo mifano ninayotamani ifundishwe vyuoni kwetu kabla ya ile ya Japani.

Je, wajua kwamba kaizen, ile desturi ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, ilikita mizizi katika hospitali zetu kabla ya viwanda vyetu vingi? Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza na 5S, yaani hatua tano za kupanga na kusafisha mahali pa kazi, mwaka 2007.

Je, wajua kwamba Toyota hufanya msako wa nishati Jumapili, uzalishaji ukiwa umesimama? Timu hupita kiwandani ikitafuta kinachotumia umeme bila kazi. Wewe mwenye karakana, kiwanda cha mikate au cha sabuni, huhitaji mshauri kutoka nje. Jumapili ijayo zima mashine ila acha kompresa ikifanya kazi, pita polepole na wafanyakazi wako, sikiliza hewa inayovuja, soma mita ya maji, na kila mnachokiona kiandikeni.